Nguzo ya Mzee Ngumbao

Nguzo zililetwa mwaka ambao mheshimiwa aliiona njia ya kwetu. Kwa kipindi kizima cha kwanza hakuwa ameiona. Si kosa lake. Njia yenyewe ni nyembamba, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma kwenye gari lenye vioo vyeusi hawezi kutambua kila kijia cha vumbi kinachochepuka Kakuyuni kwenda Jilore. Lakini kura zilipokaribia, macho yalimfunguka. Akaiona, akaingia nayo mpaka mwisho, na nyuma yake likaja lori limebeba nguzo za stima.

Kina mama wakapiga vigelegele. Wenye kumbukumbu ndefu, nasi tu wachache, tulikumbuka tangi la maji la kura iliyotangulia, lililopandishwa juu ya mawe likazinduliwa likiwa tupu, na mpaka leo wapangaji wake ni popo. Tulikumbuka na mabati ya zahanati, ya kura ya kabla ya hiyo, ambayo yameezeka nyumba ya mtu kule Muyeye na mwenyewe tunamjua. Lakini kwetu ukikumbuka sana unaambiwa unapinga maendeleo. Basi makofi yakapigwa, nguzo zikateremshwa, zikalazwa kando ya njia kama wagonjwa wanaomngoja daktari, na mheshimiwa akaahidi kwamba Krismasi tutakunywa maji ya baridi.

Hakutaja Krismasi ya mwaka gani. Tusimsingizie.

Mtu wa stima tuliyekuwa naye ni mmoja tu, Owen Kambi. Alikuwa mkwe wetu, amemuoa Kanze, binti wa mzee Ngumbao, na alikaa naye Kakuyuni pamoja na binti zao wawili, Everlyne na Caroline. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya waya kuanzia Kakuyuni kuingia ndani, akikata matawi ya mikorosho yaliyonyoosha mikono kupita kiasi, akipanda nguzo, akirudisha fyuzi zilizolipuliwa na radi au na tumbili. Hakuwa ameajiriwa na wenye stima hasa. Aliajiriwa na mkandarasi wao, ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi ya kijani mlangoni mwa lori na hapa sitaliandika, maana yeye hana haya na mimi sina wakili.

Nyumbani kwa mtu huyu wa stima watoto walisomea taa ya sola. Waya mkubwa ulipita juu ya paa lao, moja kwa moja kuelekea mahoteli ya ufuoni, na siku za manyunyu ulivuma kama nyuki. Owen akiusikia aliwaambia wanawe, "Mnausikia? Ndio huo, unapita." Kama baba anayewaonyesha watoto wake shangazi yao tajiri.

Mkandarasi alimwongezea Owen cheo: mlinzi wa nguzo. Cheo hicho kilikuja peke yake, bila kufuatana na kitu kingine chochote. Owen akazilinda. Hazikuwa na mpango wa kwenda popote. Uchaguzi ukapita, mheshimiwa akashinda, na ile njia ikampotea tena. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, na sisi tukaanza kuzizoea nguzo. Wazee walizikalia wakimngoja chifu barazani. Kanisa lilikokota chache likazifanya viti vya kwaya. Kwenye matanga ndiko zilikotufaa zaidi, maana waombolezaji wengi walipata pa kukaa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema serikali haijatuletea kitu. Ilituletea viti.

Katika mojawapo ya matanga hayo ndipo Owen alipoponzwa na mdomo wake. Mzee Ngumbao, babake Kanze, alikuwa amekufa, na Owen alikuwa amekaa ukweni, mahali ambapo mwanamume hupima kila neno. Ukinyamaza sana wanasema una kiburi, ukisema sana wanasema umelewa. Akatafuta neno lisilo na hatari. Akaipigapiga ile nguzo waliyoikalia.

"Hizi si miti hivi hivi," akamwambia shemeji yake, Pola. "Zimepikwa kwa dawa. Mchwa hauzigusi. Ukiisimamisha leo, wajukuu wa wajukuu wako wataikuta."

"Hata mvua?" Pola akauliza.

"Mvua inazifanyaje? Ila usiikate tu. Dawa iko huku nje, haijafika moyoni. Ukiikata, mchwa utaingilia kwenye kidonda."

Pola akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Tangu dada yake aolewe, hilo lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka kwa shemeji, naye akaliweka moyoni.

Mzee Ngumbao hakuwa mtu wa kuzikwa na kusahauliwa. Alikuwa ameingia ugohu, chama cha wazee ambacho siku hizi kimebaki na watu wa kuhesabika, na mzee wa namna hiyo akifa husimamishiwa kigango: mti mgumu uliochongwa ukatiwa kichwa na mabega, ukafungwa kitambaa. Hapo ndipo anapopewa tembo lake la mnazi na kuelezwa habari za nyumbani. Kikishasimama hakiondolewi. Hata watu wa mji ule wakihama, wao ndio wanaohama, chenyewe kinabaki.

Wanawe walichelewa kumsimamishia. Basi mzee akaanza kuja. Alimjia Pola usingizini, anatetemeka, anauliza kwa nini amelazwa nje kama mbwa. Alimjia pia mjane wake, Mekanze, akamuuliza swali lilo hilo kwa maneno ambayo mama wa watu hakutaka kuyarudia mbele ya watoto.

Pola akaenda kutafuta mti. Miti migumu ya kufaa kigango haiko tena. Imekwenda Malindi, imekuwa milango ya nakshi kwenye majumba ya wageni wanaokuja kulala humo mwezi mmoja kwa mwaka, na wakiona vigango vyenyewe kwenye maduka ya vitu vya kale huvinunua wakavisimamishe karibu na bwawa la kuogelea, baba za watu. Iliyobaki kwetu ni miti ambayo mchwa huimaliza kabla ya mvua ya pili. Pola alirudi mikono mitupu, amechoka, akakaa juu ya nguzo ya serikali kupumzika.

Nafikiri mmeshaelewa.

Hawakuikata. Neno la shemeji lilifuatwa kama dawa ya daktari. Wakachonga kijuujuu zile pembetatu za desturi, wakaichora kwa rangi nyekundu na nyeupe, wakaitengenezea kichwa cha duara kule nchani, kisha vijana wakaja na kamba na miti ya panda wakaisimamisha uwanjani pa mzee, nzima, urefu wake wote. Ikapita paa, ikapita mpapai, ikaenda sawa na minazi. Mzee Ngumbao alikuwa mtu mfupi, kofia yake ilikuwa ikikufika begani. Watu walikuja hata kutoka Marafa kutazama jinsi alivyorefuka.

Siku hiyo Owen alikuwa na kazi upande wa Mambrui. Alipofika ukweni jioni, alikiona kichwa cha baba mkwe kabla hajaiona nyumba.

"Mkwe," Mekanze akampokea, na haikuwa kawaida yake kuanza yeye kusema, "umetusaidia sana. Pola ametueleza kwamba shauri lilikuwa lako."

Mtu atasema nini hapo? Owen akaizunguka nguzo, akakanyaga udongo kwa kisigino, akaipima kwa jicho moja. Hilo nalo lilimuuma: ilikuwa wima kuliko nyingi za kampuni.

"Imesimama vizuri, mama," akasema.

Na mzee hakuja tena usingizini kwa mtu. Tuseme ukweli, katika nguzo zote zilizoletwa na mheshimiwa, hiyo peke yake ndiyo iliyofanya kazi.

Kisha ikatokea kura ndogo katika wadi nyingine, mbali na sisi, ambako mheshimiwa alikuwa na mtu wake anayetaka apite. Huko nako giza lilikuwa limegunduliwa. Lori likarudi kwetu, na safari hii halikuja kuleta.

Msimamizi wake alikuwa bwana Zubeir, mtu wa Malindi mjini, mwenye kanzu ya Ijumaa na maneno laini kiasi kwamba akikutukana unaweza kumshukuru. Si mtu mbaya. Walio juu wanaopanga mabaya hawaji Jilore kwenye vumbi. Humtuma mtu mzuri. Pamoja naye alikuja Nahashon, dereva wa winchi, mtu wa bara aliyeokoka na kuandika kuokoka kwake kwenye kioo cha mbele. Wakazoa nguzo kando ya njia. Kanisani kwaya iliinuliwa katikati ya mazoezi. Mahali palipokuwa na matanga, waombolezaji waliombwa radhi, wakasimama, viti vikaondoka, nao wakakaa mchangani wakaendelea kulia, sasa kwa sababu mbili.

Zilipokwisha kupakiwa, Zubeir akasimama mbele ya lori.

"Owen, ndugu yangu, naona imepungua moja."

"Ndiyo, bwana Zubeir."

"Iko wapi?"

Owen akanyoosha kidevu. Zubeir akafuata kidevu, akatazama juu ya minazi, akaona kichwa cha duara na kitambaa chekundu kinapepea.

"Ile ni nini ile?"

"Ni baba mkwe."

"Nimekuuliza nguzo, Owen."

"Na mimi nimekujibu, bwana."

Zubeir akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Baba mkwe alikuwa bado yuko pale.

"La haula," akasema taratibu. "Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mimi sina neno na mkweo, Mungu amrehemu. Lakini nguzo zile zina vibao vya namba, na huko juu wanazitaka zote. Mlinzi ni wewe. Kesho asubuhi tunaing'oa, na nataka uishike wewe, mtu wa nyumbani, isiwe fujo. Ukinambia huwezi, basi na kazi huiwezi. Na si mimi nisemaye. Nimeambiwa nikwambie."

Owen akarudi Kakuyuni. Kanze alikuwa anakuna nazi mlangoni, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye mbuzi.

"Mimi sikwambii uing'oe," akasema, "wala sikwambii usiing'oe. Nakwambia tu kwamba yule ni babangu, na hawa ni wanao."

"Sasa hilo ni jibu?"

"Kwani wewe umeniletea swali? Umeniletea kesi."

Everlyne, mkubwa, alikuwa ndani akisoma kwa sauti kitabu cha fizikia, mlango wa umeme. Alisoma kwamba umeme hufuata njia iliyo rahisi. Owen alisikia, akatoka kwenda kutazama mbuzi wenye miguu, ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Asubuhi lori likaingia uwanjani kwa mzee Ngumbao. Watu walikuwa wamejaa. Pola alisimama mbele na panga, akiwa amelishika kama mtu aliyekuja kufyeka tu na kukuta wageni. Nahashon alirudisha lori nyuma, akateremsha mnyororo wa winchi, akainua macho akaiona nguzo kuanzia chini mpaka kichwani. Akazima injini.

"Bosi, hapana," akasema.

"Hapana nini?" Zubeir akauliza.

"Hiyo mimi sifungi mnyororo."

"Si wewe uliyeokoka? Umeandika mpaka kwenye kioo."

"Nimeokoka, bosi. Lakini sijaokoka kiasi hicho."

Watu wakacheka. Zubeir akawageukia vibarua wa kupakia. Kila mmoja akawa na kidonda mkononi. Mmoja akasema anaumwa na tumbo, na kweli alionekana ameanza.

"Basi funga wewe mwenyewe, bwana Zubeir," Pola akamwambia. "Wewe Muislamu, haya mambo huyaamini."

"Siyaamini hata kidogo," Zubeir akajibu. Akaitazama nguzo, akarudi hatua nyuma. "Kwa hiyo sina sababu ya kuyagusa. Owen!"

Ndipo msumeno wa petroli ulipoletwa, ukawekwa mikononi mwa Owen. Kama haing'oki, basi ikatwe chini, kibao cha namba kirudi na kipande kirudi. Owen alisimama pale amevaa kofia ngumu ya kampuni, na mkanda wa kupandia kiunoni. Kanze alikuwa amekuja, amesimama nyuma ya wanawake wengine, na mkononi amemshika Caroline aliyetakiwa kuwa shule.

Mekanze akatoka ndani na kibuyu. Hakumtazama mkwewe, maana haifai. Alikwenda mpaka penye nguzo, akamimina mnazi kidogo chini, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mumewe kitandani.

"Ngumbao. Amka kidogo. Yuko mkweo hapa, Owen, yule uliyempa Kanze ukasema huyu mtoto ana adabu. Amekuja na msumeno. Usishtuke, hakukusudia. Ametumwa. Anataka kukukata miguu akupeleke kwenye kura ndogo. Mimi nimemwambia una baridi, lakini wenyewe wanasema una namba. Sasa mkaribishe, Ngumbao, ni mgeni wako."

Kisha akasogea pembeni, akampa Owen nafasi.

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Owen aliutazama msumeno. Aliitazama nguzo, pale chini, mahali ambapo mwenyewe alikuwa amekanyaga kwa kisigino na kusema imesimama vizuri. Tulimwona akimtafuta Kanze kwa macho, na Kanze akatazama chini.

Akaulaza msumeno mchangani, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kile kibao cha bati chenye namba, akampa Zubeir. Akavua kofia. Akafungua mkanda. Vyote akavipanga juu ya kile kibao kwenye mikono ya bwana yule, mpaka Zubeir akafanana na mtu aliyetumwa dukani.

"Mali yenu ni hiyo," Owen akasema. "Iliyobaki ni baba mkwe."

Zubeir, narudia, si mtu mbaya. Alitaka kumwokoa. Alirudi Malindi akawaambia wakubwa kwamba nguzo moja imeliwa na mchwa, na kibao peke yake ndicho kilichosalimika. Wakubwa wakakaa kikao. Wakajibu kwamba nguzo zao haziliwi na mchwa, zina dawa; na kama hii imeliwa, basi mlinzi wake ni mzembe wa ajabu, maana ameweza kuharibu hata kisichoharibika. Wakamfukuza Owen kwa ujumbe wa simu. Hivyo ndivyo huruma inavyofanya kazi kwenye kampuni: inapanda ghorofani ikiwa huruma, inashuka ikiwa kitu kingine.

Yaliyofuata hayachekeshi, nami sitayachekesha. Owen alianza kukwea minazi ya watu, kwa kamba ya miguu, yeye aliyezoea mkanda wa ngozi na vyuma. Kanze akauza viazi vya karai penye njia panda ya Kakuyuni. Everlyne alikaa nyumbani muhula baada ya muhula, na kitabu cha fizikia akamwazimisha jirani, kikarudi bila jalada. Walikuwapo watu, tena wa kwetu, waliopita penye karai wakanunua na kusema, "Kwani kingekatwa kidogo tu, mzee angejua?" Kanze aliwafungia viazi, akawapa pilipili ya kuwatosha.

Owen naye, kila alipokwea mnazi ulio karibu na ukweni, alipofika juu alijikuta uso kwa uso na kichwa cha mzee Ngumbao, kitambaa kimechakaa, rangi imechujuka, na mti wenyewe haujaguswa na mchwa hata mmoja. Pola anasema alimsikia siku moja akikisemesha kule juu. "Na wewe, baba," alikuwa akisema, "hukuweza kuwa mrefu wakati ule unaishi?"

Kura nyingine zikafika. Mheshimiwa akaiona njia.

Safari hii mambo yalikuwa makubwa zaidi. Alikuwa anakuja na mgeni mkubwa kuliko yeye, kuja kuzindua stima. Stima yenyewe haikuwapo, lakini uzinduzi ulikuwapo, na siku hizi vitu hivyo viwili havitegemeani. Nguzo zilizolala kwetu ndizo zilizokuwa zinarudi, tunazijua, moja ina alama ya mahali kwaya ya sauti ya pili walipokuwa wakipigisha visigino. Bahati mbaya mvua ya masika ilikuwa imekwisha kuifanya njia uji. Lori likazama Kakuyuni mpaka kwenye mlango wenye jina la kijani, likakaa.

Zubeir akaja mbele peke yake na pikapu, viatu vimejaa tope, jasho linamtoka. Nyuma ya pikapu palikuwa na jenereta, waya, na taa moja kubwa. Mgeni alikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege wa Malindi. Mpango ulikuwa rahisi: jenereta lifichwe nyuma ya kanisa, waya upite chini ya mchanga, taa iwekwe juu ya nguzo, mgeni abonyeze kidude, watu washangilie. Kilichokosekana ni nguzo. Na katika nchi nzima ya kwetu nguzo iliyosimama ilikuwa moja.

Akaja uwanjani kwa mzee Ngumbao. Owen alikuwapo, ametoka kuangua nazi za Mekanze, amekaa chini kwa kuwa viti hatukuwa navyo tena. Kanze alikuwa ameketi upande wa pili na mamake, wanachambua mchicha.

"Shikamoo, mama," Zubeir akaanza. "Owen, ndugu yangu wa damu. Nimekuja kwa unyenyekevu. Hatukati, hatung'oi, hatuchimbi. Tunatundika taa tu, dakika chache, kisha tunaishusha. Na wewe Owen ndiye wa kupanda, hakuna mwingine anayejua. Nimezungumza na wakubwa. Kazi yako ipo, kofia yako ipo, mkanda wako nimeuleta, uko garini. Kuanzia leo. Binti arudi shule."

Hapo hata mchicha uliacha kuchambuliwa. Pola akamtazama Owen. Sisi tuliokuwa tumesogea kusikiliza tukasogea zaidi. Na nitasema hivi, yeyote ambaye hajawahi kumtoa mtoto shule asimcheke mtu kwa alichokuwa anakifikiria Owen wakati ule.

Mekanze akapangusa mikono. "Mkwe," akasema, na bado hakumtazama, "aliyepoteza ni wewe. Safari ile nilisema mimi. Leo sema wewe, na litakalotoka ni hilo hilo, hapana atakayekulaumu."

Owen akamtazama Kanze. Safari hii Kanze hakutazama chini.

"Bwana Zubeir," Owen akasema, akiinuka na kujipangusa matako, "mimi hapa niko ukweni. Ukweni mtu hatoi ruhusa. Mwenye nguzo ni yule pale. Muulize."

"Nani?"

"Mzee."

"Owen, mgeni amekwisha fika Ganda, ni hapo tu."

"Basi usichelewe."

Zubeir alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kucheka ili ajue ni mzaha. Hakumpata. Kwa mbali king'ora kilisikika. Mtu yule, mwenye kanzu yake na adabu yake yote ya Malindi, akasogea mpaka penye nguzo, akainua uso, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Tulisubiri. Upepo ulikitikisa kile kitambaa kidogo, kikatulia.

"Mzee, samahani kwa usumbufu. Tulikuwa tunaomba..." Akageuka. "Owen, wallahi, mimi nitajuaje amejibu?"

Owen alikuwa ameinamisha kichwa, ameweka mkono sikioni, kama fundi anayesikiliza transfoma. Akasikiliza kwa utaratibu, bila haraka, king'ora kikikaribia.

"Amekusikia," akasema. "Hajakataa. Anasema ombi lako ni zuri sana, na atalishughulikia."

"Lini?"

"Anasema urudi baada ya uchaguzi."

Kanze alikuwa wa kwanza. Kicheko kilimtoka kikamwaga sinia la mchicha, mamake akajifunika uso kwa leso kwa ajili ya heshima lakini mabega yalimsaliti, na Pola akakaa chini kwenye tope. Zubeir akavaa kofia yake. Alifika garini, akasimama, akautoa ule mkanda, akautundika kwenye mpapai, akaondoka. Sijui kwa nini aliuacha. Nimeshasema si mtu mbaya.

Stima ilizinduliwa. Mgeni mkubwa alibonyeza kidude adhuhuri, jua liko utosini, na taa ikawaka juu ya pikapu, imeshikwa juu kwa mikono miwili na bwana Zubeir, aliyesimama kwenye boneti ya gari na vile viatu vya tope. Picha iko, mnaweza kuitafuta. Yeye wamemkata, imebaki mikono.

Everlyne hajarudi shule, kama mnauliza. Owen anakwea minazi kwa mkanda wa kampuni, na anasema unasaidia.